Mwenyekiti wa Klabu ya Kusoma Msimbo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Wazo! Wazo kubwa! Limenijia ndani ya basi, kichwa kimeegemea dirisha, majani ya bonde la mto Don yamegeuka mekundu na ya manjano, nami nayatazama hadi nikasahau kwamba nina mwili. Niliposhtuka tulikuwa tumepita Flemingdon Park, ninakokaa, kitambo. Nimerudi kwa miguu, vituo sita. Sikujali. Mwenye wazo hasikii baridi.

Habari yenyewe ni hii. Ofisi yetu ni ndogo, inatengeneza tovuti za maktaba ndogo ndogo za vyuo na makanisa. Leo Candice, mkuu wetu, ametuita akasema kutakuwa na nafasi moja ya kudumu. Moja! Na mkataba wangu unaisha tarehe 31 Desemba. Candice anasema anamtafuta mtu anayewaunganisha wenzake. Aliposema hivyo hakunitazama mimi. Alimtazama Leslie.

Leslie! Mzee wa miaka sabini na kitu, anayekuja kwa treni kutoka Mississauga, asiyesema na mtu kabla hajamaliza chai yake. Nadhani ni Mreno, kwa jina lake la ukoo. Alistaafu mara moja, akachoka kukaa nyumbani, akarudi kwa mkataba kama wangu. Mzee anayerudi kazini hataki mchezo. Anaitaka hiyo nafasi.

Nami naihitaji. Si kwa ajili yangu hasa, ni kwa ajili ya Michelle. Kwa miaka miwili mtoto amesoma shule tatu: kwanza tukiwa Kingsview Village, halafu Mississauga kwenye chumba cha chini ya nyumba ya watu, sasa hapa. Hapa amepata rafiki, Hodan wa ghorofa ya tisa. Rafiki wa kwanza. Mutuma, binamu ya mke wangu, anasema mambo yakiharibika tuhamie Edmonton, mbali huko magharibi, kuna kazi ya ghala. Michelle aliposikia Edmonton alikwenda kujifungia chooni.

Kwa hiyo, wazo: klabu ya kusoma msimbo. Msimbo ni yale maandishi tunayoiandikia kompyuta ili tovuti ifanye kazi. Kila mtu huandika, hakuna anayesoma ya mwenzake. Nimesikia kuna watu wa maktaba mahali fulani hukutana wakausoma pamoja, kama jumuiya inavyosoma Biblia. Nitaianzisha hapa. Nitakuwa mwenyekiti. Candice ataona nani anaunganisha watu.

Jumanne, 7 Oktoba

Katiba imekamilika. Vifungu kumi na vinne, ingawa mwanachama bado ni mmoja. Kwetu hata watu watatu wakitaka kununua sufuria ya pamoja, lazima pawe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina wangu atatunza biskuti. Kifungu ninachokipenda zaidi ni cha tatu: mwanachama atakayechelewa hata dakika moja hatafungua kinywa hadi kikao kifungwe. Nilikiandika nikimfikiria Leslie na treni yake.

Nimemsomea Kagendo, mke wangu, alipotoka zamu hospitalini. Amesikiliza hadi kifungu cha tano, akauliza kama kuna kifungu cha kuosha vyombo.

Candice amekubali! Amesema katiba ni ndefu kidogo, na yeye ana sheria moja tu: asichekwe mtu. Nimeiweka kwenye dibaji. Kikao cha kwanza ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi.

Baada ya hapo sikufanya kazi yoyote. Nilitazama mawingu yakipita polepole juu ya minara ya Don Mills, nikaiona klabu yangu ikienea. Ottawa. Halifax. Mimi nikishuka kwenye ndege, watu wa maktaba wamejipanga kunilaki, kila mmoja na msimbo wake mkononi, mama mmoja anapiga vigelegele. Simu iliita mara nne. Niliiacha iite. Kumbe alikuwa Candice.

Jumatano, 8 Oktoba

Sam, anayekaa karibu na mashine ya kuchapisha, amejiunga kwa sababu ya biskuti. Leslie naye amejiunga. Nilitumaini angekataa! Aliisoma katiba yangu yote, polepole, huku akipuliza chai yake inayonukia iliki na tangawizi. (Wareno walijifunzia wapi chai hii?) Akasema ni katiba nzuri, inamkumbusha nyumbani. Sikuuliza nyumbani ni wapi. Nilikuwa na haraka.

Kwa maana nimepata mpango ndani ya mpango. Tutasoma faili la foleni! Ndilo linalopanga nani anasubiri kitabu kipi na yuko nafasi ya ngapi. Hakuna faili baya kama hilo. Mwaka juzi lilimwambia bibi mmoja wa maktaba ya kanisa kwamba yeye ni wa sifuri. Akaja kudai kitabu chake na mashahidi wawili. Na jina la nani liko juu kabisa ya faili hilo? La Leslie! Lisomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya Candice. Tuone nafasi itakwenda kwa nani.

Nimeongeza kifungu cha kumi na tano: hakuna mstari utakaorukwa, hata yale maelezo ya pembeni ambayo waandishi huachiana na kompyuta haiyajali. Mzee asipate pa kujificha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa!

Nimelifungua faili leo ili nichague mistari mibaya zaidi. Jina la Leslie liko juu, ndiyo. Lakini kuanzia mstari wa arobaini jina ni langu. Langu! Nilisahau kabisa. Majira ya baridi ya 2023 nilipewa nilirekebishe, miezi miwili, peke yangu. Nami nikalijaza maelezo ya pembeni. Kwa Kiswahili! Kagendo na mtoto walikuwa bado Nairobi, hapa sikuwa na wa kuongea naye lugha yangu, basi nikawa naongea na faili.

Nimeyasoma. Jasho limenitoka. Kuna ya Candice. Kuna ya Leslie. Kuna moja ambalo sikuweza kulimaliza.

Kuyafuta haifai. Programu yetu hutunza kila kilichofutwa pamoja na jina la aliyekifuta. Isitoshe, Candice ameshachapisha nakala nne na kuzigawa kwa moyo mkunjufu.

Nimekaa hadi saa tisa nikimtazama kuchakulo akifukia karanga nje ya dirisha. Anafukia, anasahau, anafukia nyingine. Nikatulia. Ndipo nikajiuliza: nani pale anajua Kiswahili? Sam anajua Kiingereza, nacho kwa shida. Candice ana Kifaransa cha shuleni. Leslie ni Mreno. Basi mfasiri ni mimi! Nitawatafsiria kile wanachopaswa kusikia. Kila tusi litakuwa hekima ya mababu. Mwenyekiti na mfasiri, mtu mmoja!

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani, hakuna kazi. Kagendo amepika bata mzinga kwa masala hadi jirani akaja kuuliza. Mimi nimefanya mazoezi ya tafsiri mbele ya kioo. Michelle alikuwa mlangoni, sikumwona. Kiswahili anakisikia chote ingawa hujibu kwa Kiingereza. Akauliza kwa nini nasema maneno tofauti na yaliyoandikwa kwenye karatasi. Nikamwambia huo ndio uongozi. Kagendo akasema kutoka jikoni kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe.

Halafu mtoto akauliza kama anaweza kumwambia Hodan kwamba mwakani bado atakuwa hapa. Wanataka kuingia pamoja kwenye kwaya ya shule, na mwalimu anataka majina. Nikamwambia aandike jina. Nilisema haraka, kwa sauti ya mwenyekiti. Kagendo alinitazama.

Jumanne, 14 Oktoba

Naandika haraka kabla sijalia.

Nilitoka nyumbani mapema. Mapema mno! Bondeni kulikuwa na ukungu, mweupe, mzito, vilele vya miti tu vikichungulia. Nikaona jinsi Candice atakavyosimama kunipa mkono. Nikamwona Michelle amevaa sare ya kwaya. Alikuwa anaimba. Nilitaka kusikia wimbo uishe. Niliposhtuka, kituo cha ofisi kilikuwa nyuma yetu mbali.

Nimekimbia. Nimeingia saa nne na dakika kumi na mbili. Wote wameketi. Nikafungua kinywa, Sam akainua katiba. Kifungu cha tatu! Nikamtazama Candice. Akasema kwa upole kwamba katiba ni katiba. Nikaketi. Mwenyekiti bubu.

Walikuwa wamefika mstari wa arobaini na tatu. Sam akauliza hii ni lugha gani. Candice akasema ni ya Nyakundi, na kwa kuwa Nyakundi haruhusiwi kusema, labda wairuke. Kifungu cha kumi na tano, akasema Sam. Sam hajawahi kusoma kitu chochote kwa makini maishani mwake isipokuwa katiba yangu.

Ndipo Leslie akakohoa. Akafuta miwani. Akasema atajaribu, maana ni Mgoa wa Mombasa, kazaliwa Ganjoni, ingawa ni zamani.

Mombasa! Miaka mitatu tunakaa meza mkabala!

Akasoma. Kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kukwama. Nilihisi damu ikinishuka hadi kwenye soksi.

La kwanza niliandika hivi: "Hapa usiguse. Sijui kwa nini inafanya kazi, ajuaye ni Mungu." Leslie akawatafsiria kwamba mwandishi anaomba sehemu hii ishughulikiwe kwa uangalifu. Candice akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

La pili: "Leo Candice ameitisha mkutano wa kupanga mkutano. Huyu mama angezaliwa kwetu angekuwa naibu wa chifu." Leslie akasema hapa mwandishi anasifu uwezo wa Candice wa kupanga mambo, kiasi kwamba hata kwao angepewa cheo. Candice akaona haya, akatabasamu.

La tatu, Mungu wangu: "Msimbo huu aliuandika yule mzee wa chai. Bila shaka aliuandika usingizini." Leslie alivua miwani. Akaivaa tena. Akasema: mwandishi anaona kwamba aliyeanza kazi hii aliifanya kwa utulivu mkubwa.

Kisha akafika lile la nne. Akalisoma kimya kwanza, midomo ikicheza. Akanitazama. Mimi nikatazama meza. Akalisoma kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza: "Januari 19. Baridi imenishinda. Leo nimempigia simu Michelle. Nimemsikia akimwuliza mama yake huyu anayeongea ni nani. Nimerekebisha kitufe cha kutafuta. Sasa kinafanya kazi."

Sam aliirudisha biskuti kwenye sahani. Candice alisema hakujua. Akarudia: hakujua.

Nilitamani sakafu ipasuke. Ya kumwita mtu naibu wa chifu ningeyabeba, mimi ni mtu mzima. Lakini hili lilikuwa langu. Niliumia. Nilipoweza kusema, nilisema tu kikao kimefungwa.

Baadaye, ndani ya basi, akili ilirudi. Nikahesabu. Maelezo manne. Matatu Leslie ameyatafsiri vibaya kabisa, hata hayakaribiani! Moja tu amepata. Moja kati ya manne! Shuleni kwetu angerudia darasa. Maskini mzee, Kiswahili kimemtoka. Nimepona kwa ujinga wake.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekutana na Leslie kwenye lifti. Akaniambia kwa Kiswahili: "Mwanangu, siku nyengine maneno mengine yaweke moyoni." Nikamsahihisha kwa upole kwamba husemwa "nyingine". Alicheka hadi akashika ukuta wa lifti. Nimefurahi kwamba anapokea masahihisho vizuri.

Akaanza kunieleza habari za baridi yake ya kwanza hapa, mwaka 1974, mkewe akiwa bado Mombasa, na daftari alilokuwa akiandika usiku baada ya usiku kwa sababu hapakuwa na mtu. Sikusikia yote. Nilikuwa nikiwaza nimpe masomo siku gani, Jumatatu au Alhamisi. Lifti ikafika.

Ijumaa, 24 Oktoba

NIMEPATA!

Candice aliniita asubuhi. Kazi ya kudumu ni yangu kuanzia Januari. Nikaketi kabla ya kuambiwa. Akasema Leslie hakuwahi kuiomba nafasi hiyo. Tangu Julai alisema ataondoka mwisho wa Novemba akae na wajukuu. Kwa kuwa yeye anaujua msimbo wetu kuliko wote, walimwomba maoni. Akaandika barua ya kurasa mbili kunihusu. Mbili! Candice hakunionyesha, alisema tu kwamba ni barua nzuri sana.

Ni ile katiba. Hakuna kingine. Mzee aliona uongozi akatambua.

Nimemweleza Kagendo kila kitu: kikao, tafsiri, lifti, barua. Akacheka hadi akaketi sakafuni na sare yake ya kazi. Akafuta machozi. Akasema: "Wewe! Huyo mzee ameelewa kila neno! Amekufunika, kisha amekuombea kazi, na wewe unamsahihisha Kiswahili mtu wa Mombasa?" Akasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na nisipompelekea chapati atampelekea yeye mwenyewe. Nimemwacha. Zamu ndefu humfanya mtu aone wema kila mahali.

Michelle nilimwambia akivua viatu. Alisema sawa, kwa Kiingereza, kama si kitu. Kisha nikamsikia chumbani akimpigia Hodan simu, anapiga kelele, anaruka, kitanda kinalia. Nilisimama nje ya mlango nikisikiliza. Sijui nilisimama muda gani. Wali uliungua.

Ijumaa, 28 Novemba

Tumemuaga Leslie. Chapati za Kagendo ziliisha kabla ya hotuba. Mimi nilimpa zawadi ya maana zaidi: kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu, kile alichokuja nacho Michelle, ili afanye mazoezi akiwa nyumbani. Alikipokea kwa mikono miwili. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma sentensi moja kwa sauti, polepole sana, kama mwanafunzi, akaniuliza kama amepatia. Nikamwambia amejitahidi. Macho yake yalikuwa na maji. Kujifunza uzeeni si jambo dogo.

Meza yake sasa ni tupu. Chumba hakinukii kitu.

Jumatatu, 1 Desemba

Theluji. Inaanguka taratibu, kubwa kubwa, na dirishani hakuna bonde wala barabara, ni weupe tu. Leo nilipitiliza vituo vitatu tu. Karibu niwe sawa.

Nimelifungua faili la foleni. Chini ya lile la Januari 19 kuna maelezo mapya, ya Alhamisi iliyopita. Ya Leslie. Nayanakili: "Nyakundi. Nami baridi yangu ya kwanza sikuwa na wa kusema naye. Ungeniuliza siku moja tu chai hii yatoka wapi, tungalikunywa pamoja miaka mitatu. Si neno. Mtoto sasa akujua. Wasalaam, mzee wa chai, aliyeamka."

Nimeyasoma mara sita kutafuta kosa. Hakuna hata moja. Lazima alitumia mashine ya kutafsiri. Mara ya saba herufi zilianza kuogelea, nikafunga. Ni mwanga wa theluji, unaumiza macho.

Na leo ameanza msimamizi wetu mpya, Minaz, mama wa Mississauga, atakayekagua msimbo wetu wote. Ana maswali! Tumeshakaa naye saa mbili, ameuliza kila kitu isipokuwa nambari yangu ya viatu. Nimeandika kwenye mstari wa tisini na moja: "Leo ameletwa Minaz. Angekuwa polisi, hata mbwa wangekiri makosa. Heri Kiswahili hajui."

Lakini ni mtu mkarimu. Amekuja na mkate mtamu wa mchele na nazi, anasema wa mapishi ya bibi yake, na chupa kubwa ya chai. Aliuweka kwenye meza ya Leslie. Chumba kizima kikanukia iliki. Akanimiminia kikombe, akavuta kiti, akanikaribisha tukae.

Nikamwambia asante, nina haraka. Nilikuwa na maelezo mengine ya kuandika.